Kompyuta ya Boti Ishitakiwe kwa Kusahau

Bweni la Kidato cha Tatu,
Same.
Alhamisi, baada ya vipindi.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Boti ya Kliniki,
Ziwa Jipe.

YAH: OMBI LA KUIITA KOMPYUTA YA BOTI MBELE YA KIKAO CHA JUMAMOSI

Ndugu Mwenyekiti, Mzee Hezroni, shikamoo.

Nimefikiri sana kama nianze na Ndugu au na Mheshimiwa, maana tangu milango ya nchi ifunguliwe ndugu wamepungua na waheshimiwa wameongezeka. Nimebaki na Ndugu kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa darasa la sita, na mimi nikishafundishwa jambo silibadilishi mpaka niambiwe na mwalimu yuleyule.

Mimi ni Koleta Mshana wa Ngujini, yule msichana mnayemkabidhi ufunguo wa kibanda cha boti wakati wa likizo. Kama jina limewatoka, basi ni yule anayetapika kabla boti haijafunguliwa kamba. Sisi wa mlimani maji tumezoea kuyaona mferejini, yakipita miguuni kwa adabu. Kuyakalia juu ni jambo jingine.

Nimesikia kwamba, kwa sababu ya mkasa wa boti wa Jumatano ya wiki iliyopita, kikao cha Jumamosi kina mambo mawili: kuing'oa kompyuta na kuipeleka ofisini kwa katibu ikachape muhtasari, na kuninyang'anya ufunguo. Nimesikia pia kwamba kompyuta ikiondoka, Nesi Stumai hatapeleka tena chanjo ng'ambo kwenye kambi za wavuvi, mpaka mafunjo yote yanayoziba ziwa yafyekwe. Mafunjo ya Jipe yakimalizika kufyekwa, watoto wanaosubiri chanjo ya surua watakuwa wameshaoa.

Kwa heshima zote, naona kamati inataka kumwadhibu asiyehusika. Mshitakiwa halali ni kompyuta yenyewe. Malalamiko yangu dhidi yake ni haya.

1. Inasahau kila siku.

Wajumbe wapya huenda hawaelewi kazi yake, kwa hiyo naeleza. Juu ya paa la boti kuna kipokezi kidogo kama kifuniko cha sufuria. Hicho kinajua tulipo. Kinaishushia habari kompyuta kwa waya, na kompyuta inaweka alama ya boti kwenye ramani ya njia za maji iliyochorwa na watu wa mradi wa samaki kabla mradi haujafungwa na wao kurudi kwao. Ramani hiyo ndiyo macho yetu, maana ukishaingia kwenye mafunjo huoni mbele wala nyuma.

Sasa, kipokezi huzungumza polepole, kwa mwendo wa elfu nne na mia nane, yaani chembe za habari kwa sekunde. Kompyuta ikiamka, tundu linalopokea ule waya husikiliza kwa mwendo wa elfu tisa na mia sita, yaani mara mbili. Ni kama kumsimulia habari mtu aliyekwisha kuondoka mbio. Haisikii kitu, inajaza kioo alama za ajabu. Dawa yake ni kuiandikia mstari mmoja wa amri kwamba, tafadhali, sikiliza kwa elfu nne na mia nane. Inatii palepale, tena kwa unyenyekevu mpaka unaweza kuipenda.

Lakini jioni betri inabebwa kupelekwa kwenye mashine ya kusaga ikachajiwe. Asubuhi betri inarudi, kompyuta inaamka, na ule mwendo imeusahau wote. Likizo nzima ya Desemba nimeiambia kila asubuhi. Hata kuku wa bibi yangu, ambaye hasifiwi kwa akili, ukimwonyesha banda mara tatu analikumbuka.

2. Inakumbuka mambo yasiyo na faida.

Kama ingekuwa na ugonjwa wa kusahau kabisa ningeihurumia. Lakini kila ikiamka inalitaja jina la mradi uliokufa. Inamkaribisha kwa jina bwana mmoja aliyeondoka nchini tangu nikiwa darasa la saba. Mimi ninayeifuta vumbi na magamba ya samaki haijawahi kunisalimu.

3. Inadharau maandishi.

Mtaalamu wa mwisho wa mradi, aliyeiwekea mfumo wake, huo unaoitwa Linux, alinifundisha kabla ya kuondoka kwamba kuna faili moja ambalo kompyuta hulisoma kila inapoamka. Ukitaka isisahau jambo, liandike humo. Nami nililiandika. Niliandika vizuri, herufi ndogo kama ilivyotakiwa, na kwa adabu: nilikuta mistari mingine imetangulia, ya wakubwa, nikaweka wangu chini ya yote. Bibi alinifunza kwamba aliyekuja mwisho hukaa mwisho, iwe kwenye zamu ya mfereji, iwe kwenye sahani ya makande. Sikumruka mtu.

Pamoja na adabu hiyo, kompyuta imeupuuza mstari wangu tangu Januari. Kabla ya kurudi shuleni niliufungua na kuukagua mara nyingi, herufi kwa herufi, hauna kosa. Ninalazimika kuamini kwamba inausoma na kuudharau, ama kwa kuwa mwandishi ni msichana, ama kwa kuwa ni mtu wa Ngujini. Sijui lipi kati ya hayo, na ningependa kamati iiulize.

4. Ilisema uongo mbele ya mtumishi wa serikali.

Nilipokuwa narudi shuleni nilimwandikia Mzee Athumani, nahodha wetu, ule mstari kwa chaki kwenye ukuta wa kibanda, awe anaunakili kila Jumatano, siku ya safari, kwa kidole chake kimoja. Alifanya hivyo bila kukosa. Ikaja masika, mvua ikapiga ubavuni, chaki ikaoshwa. Jumatano ya wiki iliyopita hapakuwa na cha kunakili.

Kompyuta ilipokosa habari haikusema "sijui", kama anavyofanya mtu mwaminifu. Ilisema kwamba boti yetu, yenye Nesi Stumai na sanduku la chanjo, ipo baharini, magharibi ya Afrika, pale ambapo mistari yote miwili ya sifuri ya ramani ya dunia, wa latitudo na wa longitudo, hukutana. Nesi ameniandikia yote. Mzee Athumani alikitazama kioo, akavua kofia, akasema, "Nesi, hongera. Tumefika ng'ambo bila hata pasi."

Nesi akamwambia, "Wee mzee, acha mzaha. Barafu yangu inayeyuka."

"Huku kwa wenzetu barafu haikosekani, mwanangu."

Sisemi kwamba Mzee Athumani alikosea kucheka. Yeye amekulia Kigoma kwenye maji ya kweli, hili ziwa letu huliita karai. Aliamua kupita kwa kumbukumbu. Lakini upepo wa masika ulikwisha kuyahamisha mafunjo, njia aliyoikumbuka ikawa imezibwa, na boti ikakwama hadi jua lilipoinama. Barafu ikawa maji ya uvuguvugu. Chanjo yote ikatupwa. Kina mama walikuwa wamekaa upande wa pili tangu asubuhi, watoto mgongoni, na madaftari ya kliniki waliyojinunulia wenyewe, maana siku hizi hata cheti cha mtoto unakwenda nacho kutoka nyumbani.

Naomba kamati itafakari jambo hili kisheria. Ikiwa boti ilikuwa ng'ambo kama kompyuta inavyodai, basi ilivuka mipaka ya nchi nyingi bila kibali, ikiwa na mali ya Wizara. Ikiwa haikuwa huko, basi kompyuta imetoa taarifa ya uongo. Kwa vyovyote ina kesi.

5. Haikushiriki msaragambo.

Siku ya pili yake pembe ilipigwa, kijiji kizima kikatoka kwenda kufungua njia iliyozibwa. Wazee walitoka. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alitoka, na ana mgongo mbovu. Kompyuta, ambayo ndiyo chanzo cha kazi yote, ilibaki kibandani imelala. Kwa desturi yetu asiyetokea kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, bila sababu hutozwa jogoo. Sijapata kuona kanuni inayosema kwamba desturi hiyo ni ya wenye miguu tu.

6. Imeniharibia jina.

Hili ni dogo lakini ndilo linaloniuma. Mwezi wa pili nilisimama mbele ya shule, kwenye klabu ya sayansi, nikaeleza kwamba mimi ndimi msimamizi wa vyombo vya usafiri wa majini wilayani kwetu. Nilitumia maneno hayohayo. Nilichora na kipokezi ubaoni. Raheli, ninayelala naye kitanda cha juu na chini, aliandika yote. Jana barua ya Nesi ilipofika, Raheli aliisoma kabla yangu, akanipigia saluti. Tangu hapo nikipita kwenda bombani, bweni zima linapiga kelele: "Kapteni, bahari ipo upande gani?" Na bahari kwa kweli sijaiona.

Kwa sababu hizo, Ndugu Mwenyekiti, naomba kikao kiamue yafuatayo.

Kwanza, kompyuta iletwe mbele ya kamati ikiwa imewashwa, isomewe malalamiko haya kwa sauti, polepole, kwa mwendo wa elfu nne na mia nane.

Pili, itozwe jogoo. Nafahamu kwamba haina kuku. Basi itafutiwe mdhamini, na anayefaa ni yule bwana inayemkaribisha kila asubuhi.

Tatu, iapishwe kwamba haitasahau tena. Ikikataa kuapa, ihamishiwe Same irudie kidato cha kwanza. Hapa ukisahau jedwali la kipeuo unafyeka uwanja, na nawahakikishia kwamba kumbukumbu hurudi.

Nne, yote hayo yakishindikana, kila Jumatano alfajiri wajumbe wote wa kamati wafike kibandani, wapange mstari kwa umri, na kila mmoja aiandikie ile amri kwa zamu. Kompyuta inayoambiwa jambo lilelile na wazee kumi na wawili, ikasahau, itakuwa imejitangaza.

Ufunguo naomba nibaki nao. Sina sababu nyingine ya kuuomba isipokuwa kwamba tangu niupate nimeacha kusema "nikimaliza shule nitaona". Siku hizi nasema nitasomea mitambo. Sijui mtu wa Ngujini anaanzia wapi kusomea mitambo, ila nimeanza kuulizia.

Nawasalimu wajumbe wote. Msalimieni Mzee Athumani na mguu wake unaouma. Msalimieni Nesi Stumai, mwambieni barua yake ilifika ikiwa imefunguliwa. Wasalimieni kina mama wa kambini na watoto wote, waliochanjwa na wasiochanjwa. Na mwenye mashine ya kusaga kwa umeme wake.

Wenu mtiifu katika malalamiko,
Koleta Mshana.

Nyongeza, Jumamosi asubuhi, ukingoni mwa ziwa.

Ndugu Mwenyekiti, barua hii nilikusudia kumpa kondakta wa basi, lakini matroni alinipa ruhusa nikaileta mwenyewe. Jana jioni nilifika kibandani ili ninakili ule mstari wangu, niuambatanishe kama kielelezo cha namna ninavyodharauliwa. Nikafungua lile faili. Kwa kuwa ni kielelezo, niliona ninakili pia mstari ulio juu yake, kamati ione jirani zake ni akina nani.

Mstari ulio juu yake ni amri ya kuondoka. Kompyuta ikifika hapo hufunga faili na kwenda kuanza kazi. Januari niliukagua mstari wangu herufi kwa herufi, na sikuwahi hata mara moja kusoma uliotangulia, kwa kuwa niliona si adabu kupekua maneno ya wakubwa. Kumbe nimekaa miezi minne nyuma ya mlango uliofungwa, nikinung'unika kwamba waliomo ndani hawanijibu. Kompyuta haikunidharau. Haijapata kujua kwamba nipo.

Nikaomba radhi mbele ya mistari yote, nikaupandisha wangu juu ya ile amri. Mimi na Mzee Athumani tukachomoa betri, tukairudisha. Iliamka ikijua. Tukachomoa tena, Mzee Athumani akasema, "Mwache mwenzio apumue." Iliamka ikijua tena.

Kwa hiyo nafuta shitaka la kwanza, la tatu, la nne na la tano. La pili nafuta pia, maana kompyuta isiyohitaji tena kukumbushwa nami ina haki ya kunisahau. La sita ni la Raheli, nitamalizana naye. Jogoo wa msaragambo nitamlipa mimi, nitamwomba bibi.

Kuna jambo moja zaidi. Kwa kuwa chanjo mpya ililetwa jana kutoka Same, Nesi hakutaka kungoja Jumatano. Boti imeondoka alfajiri hii bila mimi. Hakuna aliyegusa kitu chochote, na kioo kilionyesha mafunjo ya Jipe, si bahari ya mtu. Nimewatazama mpaka wakaingia njiani. Kompyuta inayokumbuka haihitaji msichana wa kuikumbusha, na hilo nimelifanya kwa mkono wangu, sijui kama nilistahili kufurahi haraka hivyo. Ufunguo nimemwachia Mzee Athumani, ili kikao kisipoteze muda kuninyang'anya.

Lakini mtakapofika kwenye "mengineyo", naomba mjue kwamba likizo ya Juni inaanza tarehe sita, kwamba kile kipokezi kina waya wa pili ambao haujachomekwa popote na hakuna anayejua ni wa nini, na kwamba alfajiri hii, kabla hawajaondoka, nimekaa kwenye boti nusu saa nzima, ikiwa imefungwa kamba, na sikutapika.