Anga Tupu kwa Heshima ya Mkaguzi

Jumatatu, 9 Juni
Barua imetoka! Alhamisi saa nne asubuhi mkaguzi atakaa nyuma yangu chumba cha rada. Nikifaulu, mimi mkuu wa zamu. Nikifeli, naondolewa kwenye rada. Miaka kumi na minne ya kutenganisha ndege, maili tano kando au futi elfu moja juu na chini, sasa inategemea saa moja tu! Mshindani wangu ni Rula, mtu ambaye hata kalamu zake hulala sambamba. Kaniombea heri. Mnafiki mkubwa.

Jumanne, 10 Juni
Mke wangu kasema nijisomee kama wenzangu. Nikamwambia kusoma ni kwa wasio na akili. Papo hapo akili ikaja! Kaka yake, shemeji yangu, anaongoza anga ya jirani. Ndege zangu za asubuhi karibu zote hutokea kwake. Azizungushe huko kidogo, mimi nibaki na anga tupu. Nani atakosea kwenye anga tupu?

Jumatano, 11 Juni
Shemeji kagoma. Eti ndege si mbuzi wa kufungiwa zizini. Nikamkumbusha nani alikaa kimya alipokwaruza gari la mkewe. Akalainika. Dakika ishirini tu, kasema, na nisimtaje. Leo nimekula nikashiba.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekwisha.
Saa nne kamili, ndege mbili tu kwenye skrini. Raha tupu! Lakini mkaguzi hayupo. Yuko getini, mlinzi hakuridhika na kitambulisho chake. Nikampigia shemeji aendelee kuzishikilia. Akasema mafuta hayaongezeki kwa kuzunguka, akakata simu. Mkaguzi akavuta kiti saa nne na dakika ishirini na moja. Shemeji akaziachia. Tisa! Kwa mpigo!
Kila ndege ina kijikaratasi chake mezani, kimeandikwa kimo chake angani. Nikachanganya viwili, nikampa huyu kimo cha yule. Kengele ya rada ikalia. Alama mbili zinaelekeana uso kwa uso. Rula, aliyekuwa kiti cha jirani, akanyakua maikrofoni, rubani mmoja akampandisha, mwingine akamgeuza. Zikapishana kwa maili tano na nusu. Abiria hawakujua lolote. Mimi nilijua.

Ijumaa, 13 Juni
Mkuu wa kituo kaninyang'anya kiti. Miezi mitatu chumba cha mafunzo kabla ya kurudia mtihani, kazi yangu kuigiza rubani wa ndege za bandia ili wanafunzi wajifunze kuniongoza. Mimi! Rula kawa mkuu wa zamu. Kumbe simu za kazini hurekodiwa, na shemeji kapewa barua ya onyo. Mke wangu anaongea na sufuria, si na mimi. Nimefungua bomba la bafuni nikalia.

Jumatatu, 16 Juni
Siku ya kwanza ya urubani wangu. Aibu. Lakini nimegundua jambo! Mtihani wa marudio hufanyiwa hapa hapa, na siku yangu ndege zote za bandia ataziendesha mama mmoja mpole wa meza ya pili. Nimemwendea kwa heshima zote, nikamwomba siku hiyo zake zichelewe kidogo. Kasema hana neno, ila jioni nyumbani atamwuliza kwanza mkaguzi, maana ndiye mumewe. Bahati iliyoje! Sasa nina mtu wa ndani kabisa.