Mimba Zangu Nne na Kisanduku Chenye Nyota

Dilala, Kolwezi
Tarehe 17 Mei 2024

Kwa Tata Injinia Stany Kalonji,
Mbunifu wa skrini za programu «Mama na Siku Yake»,
Lubumbashi

Tata Injinia,

Kwanza nakuuliza hali yako na ya watu wa nyumbani mwako, na kama huko kwenu umeme unakaa. Mimi ni mzima. Ila programu yako inasema nimepitisha siku ya kujifungua, na leo ni siku ya kumi na moja.

Jina langu ni Mbayo Omer, mwanaume, miaka 61, baba wa watoto saba, wote waliozaliwa na mke wangu Mamie. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa pointeur mgodini, yaani mtu anayeandika nani ameingia kazini na nani hakuingia. Tangu nilipostaafu naandika daftari langu mwenyewe, kila siku na tarehe yake. Yote ninayokuandikia yametoka humo. Naomba uyasome hadi mwisho, kwa sababu jambo la tano halingoji.

1. Kisanduku cha simu. Mwezi wa kwanza kituo chetu cha afya kilipokea tableti yenye programu yako, na rejista ya karatasi ikapelekwa stoo. Mama mjamzito akifika, Joyeuse wa mapokezi anamwandika kwenye tableti. Kwenye skrini kuna kisanduku cha namba ya simu, na pembeni yake umeweka nyota ndogo nyekundu. Maana ya nyota hiyo, nimeelezwa, ni kwamba bila namba mtu hapiti. Sasa kwenye mtaa wetu simu ya nyumba inatoka asubuhi mfukoni mwa bwana, na bwana anashuka nayo shimoni kuchimba. Mama anabaki na nini cha kukuandikia? Joyeuse alinieleza tarehe 9 Februari wanachomjibu kina mama: «Weka namba ya Tata Omer, iko na plaki ya jua, simu yake haizimaka.»

Wala hawakukosea, paneli ya jua ninayo paani. Hapa kwetu namba ya simu si ya mtu mmoja, ni kama bomba la maji. Mwenye moto wa umeme kwenye betri ndiye anayepigiwa, naye anavuka barabara kupeleka habari. Nimepeleka habari za vifo, za mahari na za mbuzi waliopotea, sijalalamika. Lakini hakuna hata siku moja mtu aliyedhani kwamba yule mbuzi ni mimi.

2. Programu yako inadhani. Inaisoma namba ya simu kama sura ya mtu: namba moja, mama mmoja. Kwa hiyo wanawake wanne wa mtaa wetu waliotoa namba yangu wamekuwa faili moja, na faili hilo ni mimi. Wanne hao ni Fidélie wa nyumba ya mwisho, Zena mke wa Hamadi msafirishaji, mke wa fundi wa baiskeli, na mjukuu wa katekista. Tarehe 2 Machi nilipokea ujumbe kwamba nina wiki ya kumi na mbili. Siku ile ile, saa mbili baadaye, nilikuwa na wiki ya thelathini na moja. Tarehe 5 programu ilinionya kwa upole kwamba mimba zangu zinafuatana kwa karibu mno, ikanishauri nizungumze na mwenzangu juu ya kupanga uzazi. Nilizungumza naye. Mamie alicheka hadi akakaa chini, akasema: «Mi nilikuzalia batoto saba. Leo ni zamu yako, Tata.»

3. Umri na jinsia. Tarehe 2 Aprili nilikwenda kituoni mwenyewe kuomba nirekebishwe, niandikwe kama mpeleka habari tu. Joyeuse ni binti mwenye subira. Alinionyesha kwamba jinsia imekwisha kujazwa «Mwanamke», kwa rangi ya kijivu, na kidole hakiwezi kuigusa. Kisha tukafungua orodha ya umri. Inaanza 12, tukashuka pamoja, tukashuka, inakwisha 49. Miaka 61 haipo. Nilimuuliza mwanaume wa miaka 61 anaandikwa wapi. Akanijibu: «Tata Omer, huku ndani hauko. Mi nakuona, lakini machine haikuone.» Akaniandika 49 ili tuweze kutoka kwenye skrini ile. Hilo la 49 silalamikii.

4. Vitufe vitatu. Tarehe 8 Aprili, saa saba mchana, niko mezani na bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, ukaja ujumbe: «Mama mpendwa, bonyeza 1 kama mtoto anacheza tumboni, 2 kama hachezi, 3 kama umekwisha kujifungua.» Nilitafuta cha nne, hakipo. Mimi ni mtu niliyeandika mahudhurio kwa miaka ishirini na sita bila kumwandika aliyekuwepo kuwa hayupo. Nikajichunguza, nikabonyeza lililo kweli: 2.

Dakika kumi na tano hazikuisha. Mkunga Mama Bilkisi akaingia uani kwa mbio, nyuma yake moto, yaani pikipiki, ya kubebea wagonjwa, na nyuma ya moto nusu ya mtaa. «Iko wapi mama yenye mutoto wake hachezi?» Nikainua mkono, na ndani ya mkono huo tonge. Mama Bilkisi alinitazama tumbo, akaitazama sahani, akasema: «Huyu mutoto anakula muzuri.» Tangu siku hiyo vijana wa taxi-moto hawaniiti Tata tena. Nikipita kwenye kituo chao wananiuliza: «Mama Omer, uko na miezi ngapi sasa? Panda, tutaenda polepole.»

5. Hili ndilo linalonifanya niandike barua badala ya kuvumilia. Ujumbe wako hauna jina, unasema tu «Mama mpendwa». Ili nijue ni wa nani, ilibidi nichore jedwali kwenye daftari, safu nne, na kila Jumatatu naongeza wiki moja kwa kila safu. Ukija wa wiki ya ishirini, najua ni Zena. Kwa jedwali hilo nimevuka barabara mara thelathini na nane kwa goti bovu, na sijakosea mlango.

Sasa mjukuu wa katekista alijifungua salama tarehe 4 Mei. Ilinipasa nibonyeze 3. Lakini Joyeuse alinizuia: faili likipokea 3 linafungwa lote, na majibu ya maabara yaliyo njiani yanakosa pa kufikia. Na Fidélie ana mapasa, yaani pacha, tumboni, wiki ya thelathini na tano, miguu imevimba na kichwa kinamuuma. Tarehe 15 alitolewa damu na kutoa mkojo. Mumewe Kisimba yuko shimoni upande wa pili wa mji na simu yao. Majibu hayapiti kwa Joyeuse wala kwa Mama Bilkisi. Yanatoka kwenye maabara ya mjini, yanaingia kwenye programu yako, na kutoka humo yanakuja moja kwa moja kwa mama mhusika, ambaye ni mimi.

Kwa hiyo sikubonyeza 3. Na kwa kuwa sikubonyeza, programu inahesabu kwamba siku ya yule binti, tarehe 6 Mei, imenipita. Kila asubuhi saa moja inaniandikia: «Mama, siku yako imepita, usiogope, fika kituoni leo.» Naogopa, Tata Injinia. Naogopa kwamba siku moja utachoka kuningoja, utalifunga faili mwenyewe, na majibu ya Fidélie yatafika kwenye mlango uliofungwa.

Nimeyapima haya yote kwa utulivu, na nakuomba tufuate mantiki pamoja. Chini ya kila ujumbe umeandika: «Taarifa hizi zimehakikiwa.» Kama zimehakikiwa, mimi ni mwanamke wa miaka 49 mwenye mimba nne, moja ikiwa imepitisha siku zake. Nami siwezi kubishana na kitu kilichohakikiwa. Basi nadai haki zangu.

Nadai chandarua, nacho si kimoja: vinne, kwa sababu vinatolewa kwa mimba wala si kwa mtu. Nadai vidonge vya kuongeza damu. Nadai barua yenye muhuri wako, nimwonyeshe Mamie, kwamba hairuhusiwi kunituma maji wala gunia la makaa. Nadai pia kwamba kwenye foleni ya kituo cha afya nikalishwe kwenye benchi la mbele, na vijana wa taxi-moto walazimishwe kunibeba polepole kweli, kama walivyoahidi. Mwisho, mtoto wa kwanza atakayezaliwa kutoka kwenye faili langu aitwe Stany, na wewe uje kumshika, umweleze mwenyewe mama yake ni nani.

Kama unaona madai haya hayana maana, basi imebaki njia moja tu iliyo na maana: uifute namba yangu kwenye programu yako leo hii, uing'oe nyota nyekundu, na kila mwanamke apewe faili lake hata kama kisanduku cha simu kitabaki kitupu. Sitaki tena ujumbe hata mmoja. Niache nizeeke kama mwanaume.

Niongeze neno moja la kikazi, kwa kuwa sote wawili tumekula mkate wa fomu. Mgodini nilikuwa na karatasi yenye mistari: jina, namba, saa ya kuingia. Kila siku alikuja mtu asiyeingia kwenye mistari. Mmoja amekuja na jina la kaka yake, mwingine amekuja kumwambia mkubwa wake kwamba leo anamzika mtoto. Hao wote niliwaandika pembeni, kwenye ile nafasi nyeupe. Mkubwa wangu alikuwa anasoma pembeni kwanza, kabla ya mistari, akisema huko ndiko watu waliko. Skrini yako ni nzuri, rangi zake zinapendeza, Joyeuse anaisifu kwamba ni nyepesi. Lakini nimeizunguka yote na sikuona pembeni.

Nakuachia hayo, Tata Injinia, nikiwa na heshima na matumaini. Nisalimie wote wanaokaa nawe mbele ya kompyuta hizo, na mama aliyekuzaa, ambaye natumaini aliandikwa kwenye karatasi. Joyeuse anakusalimia. Mama Bilkisi anakusalimia. Mamie anakusalimia na kukushukuru, sababu anaijua yeye. Katekista anakuombea.

Ni mimi,
Mbayo Omer
(namba ya simu unayo)

N.B. Tarehe 21 Mei. Barua hii ilikuwa bado haijapata mtu wa kuipeleka Lubumbashi, na sasa naifungua tena, kwa sababu yaliyoandikwa juu naomba usiyafuate.

Tarehe 18, saa nane na dakika ishirini, nikiwa natengeneza mguu wa kiti, uliingia ujumbe: «Mama mpendwa, majibu ya damu na mkojo si mazuri. Usingoje dalili. Fika leo hii.» Bila jina, kama kawaida. Nilifungua daftari. Wiki ile aliyetolewa damu ni mmoja tu. Nilivuka barabara bila kuvaa viatu, na goti halikunikumbusha kitu. Fidélie alikuwa anaanua nguo, akaniambia kichwa kimepoa, ataenda kesho. Nikamsomea ujumbe mara mbili. Nikaita taxi-moto, na yule kijana aliyezoea kunicheka aliniona uso, hakuniuliza miezi. Alikwenda polepole kwenye mashimo, mbio kwenye lami. Kutoka kituoni Mama Bilkisi alimpeleka hospitali, na jioni ile ile Fidélie alipasuliwa. Daktari alimwambia Kisimba, aliyefika na vumbi la shimo kichwani, kwamba kama ingekuwa kesho, angekuja kuzika.

Watoto ni wawili, wa kiume, wadogo lakini wanalia kwa nguvu. Fidélie ameanza kukaa.

Kwa hiyo, Tata Injinia, usiifute namba yangu. Nyota nyekundu iache, na ukipenda weka mbili. Chandarua sihitaji. Joyeuse amelifunga lile faili jana na kunifungulia jipya: nina mimba mbili, ya Zena na ya mke wa fundi wa baiskeli, na leo asubuhi Jémima, mpangaji wa katekista, amekuja mwenyewe uani kuniomba namba. Nimempa. Jedwali nimelichora upya, lina safu sita, kwa kuwa mtu hajui ya kesho.

Nabaki na ombi moja dogo tu. Joyeuse alipoandika uzazi wa Fidélie, skrini ilimpa nafasi ya jina la mtoto mmoja, kisha ikasema: «Hongera, mama huyu amekwisha kujifungua,» ikajifunga. Kyungu, aliyetangulia, ameingia kwenye kompyuta. Mdogo wake Kabange bado yuko kwangu, kwenye daftari, ukurasa wa tarehe 18, pembeni.