Mgunduzi wa Satelaiti ya Babu

Jumatatu, 3 Machi

Nimechukua daftari la Babu bila kumwomba. Si wizi. Ni utafiti. Masikio yananiwaka hata ninapoandika.

Zamani Babu alikuwa fundi katika kituo cha kufuatilia satelaiti. Moja, ndogo, ilinyamaza, rekodi zake zikachanganyika, ikapotea. Mpaka leo akinywa chai hutazama juu na kuuliza, yuko wapi yule mtoto? Kwenye daftari aliandika tarehe, saa na upande wa anga kila alipoiona kwa macho. Mpango: nilinganishe na rekodi za zamani kwenye kompyuta ya shule, niitambue, nimnyamazishe Kamusi. Kamusi ni msichana wa darasa letu. Anajua kila kitu, hata usichomuuliza.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipata! Babu aliandika 1:10. Nikaingiza 1:10. Kompyuta ikatoa kitu kisicho na jina, kinapita palepale! Nikajaza fomu ya watazamaji wa anga. Penye "Mgunduzi" nikaandika jina la Babu. Nikalifuta. Nikaandika langu. Jina la Babu ni refu, nafasi ilikuwa ndogo.

Jioni Babu karudi kutoka kliniki. Nesi kamwagiza aandike presha yake kila asubuhi na jioni. Babu kasema hanunui daftari, anayo madaftari ya kazini ambayo hayakujaa. Akaniuliza mbona simtazami usoni. Nikasema jicho lina vumbi. Akanipulizia. Aibu!

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu wa fizikia alinisimamisha mbele ya shule nzima nieleze. Nikaeleza kwa sauti ya mbu. Makofi! Kichwa kikavimba. Kamusi akanyoosha mkono. Eti saa saba usiku satelaiti ya chini imo ndani ya kivuli cha dunia, haiwaki. Babu yangu aliionaje, kwa tochi? Shule ikacheka. Nikasema Babu ana macho makali. Wakacheka zaidi.

Mchana majibu yakaja. Kitu changu ni ganda la roketi lililorushwa miaka kumi na miwili BAADA ya Babu kuliona. Nikasubiri ardhi inimeze. Haikuwa na njaa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekiri kwa Babu. Habari za daftari, si za jina. Alicheka mpaka nikaihofia presha yake. "Mjukuu wangu, saa moja ni saa moja! Jua limezama, bibi yako anawasha taa. Nani kakwambia naandika saa za kompyuta?"

Saa moja na dakika kumi jioni. Kompyuta ilitaka 19:10. Mimi, msomi, nimeangushwa na saa tunayoisoma nyumbani tangu nizaliwe.

Jumamosi, 8 Machi

Babu kamwita Kamusi aje asaidie. Nilikaa pembeni kama kigoda. Kwenye kompyuta ya shule tukaingiza 19:10, na saa zake nyingine vivyo hivyo. Mistari yote tisa ya Babu ikaangukia kitu kimoja. Ndiye! Bado yuko juu!

Jioni, jua limeshatua, nukta ikapita juu ya paa la jirani. Babu akavua kofia. "Ulikuwa wapi siku zote hizi, mwanangu?" Kisha akauliza kwenye fomu kuna jina la nani. Kamusi akainama kufunga kamba za viatu. Alivaa ndala. Nikasema langu. Babu akasema basi liache hapohapo, yeye alitaka kumwona tu.

Nimelia chooni. Kisha nikajaza fomu mpya, nikaandika jina lake, lote. Nafasi ilitosha, ikabaki.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejifunza. Kamwe sitachukua kitu bila kuomba, wala kusoma namba kwa pupa. Asubuhi nililirudisha daftari sandukuni mwa Babu.

Chini yake palikuwa na jingine la kituo! Namba mbili mbili, asubuhi na jioni: 168/102, 163/99, 158/96. Kimo cha juu na kimo cha chini, bila shaka, kwa kilomita. Linaanza tarehe 4 Machi. Mwaka hakuandika; nimekadiria 1979. Na inashuka kila siku! Nimeshawaandikia watazamaji: kuna satelaiti nyingine, na iko karibu kutuangukia.

Babu anazunguka nyumba nzima akiuliza nani kaona daftari lake, kliniki wanalitaka saa nne. Maskini, uzee. Nikimaliza hesabu nitamsaidia kulitafuta.