Chai ya Mume Wangu na Filamu Yenu ya Ukungu

Ndugu Meneja wa Ukumbi wa Sinema,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, tena umekaa, maana ni ndefu kidogo. Mimi ni fundi pazia wa mtaa wa nyuma ya ukumbi wako. Lile pazia zito la mlangoni pako nililishona mimi, na mshono wake haujafumuka mpaka leo. Nalitaja hilo si kwa kujisifu, bali ujue unaandikiwa na mtu anayependa mambo yanyooke.

Nalalamika rasmi juu ya filamu mnayoionyesha kwa wiki ya tatu sasa, ile ya mke na mume wanaohamia nyumba ya kando ya ziwa lenye ukungu. Kwa kuwa una kazi nyingi na huenda hujaiona, nakueleza. Mume anaugua polepole. Mke anampelekea chai kila siku. Hakuna jini, hakuna panga, hakuna damu hata ya pua. Ni ukungu, saa ya ukutani, na kijiko kinachogonga kikombe: ting, ting, ting. Mwishoni mume anakitazama kikombe, anamtazama mkewe, anatabasamu, anakunywa. Taa za ukumbi zinawaka. Basi! Hatuambiwi kama mke alitia kitu, au mume alikuwa na wasiwasi wake tu. Tulibaki vitini kama wageni waliosahauliwa sebuleni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Filamu inatisha isivyo haki. Nilikuja nimejiandaa. Nikafumba macho mapema, kama mtu mwenye busara, nikingoja makelele. Hayakuja. Nikafumbua, nikaona mke anakoroga chai. Nikafumba tena. Kufikia katikati nilikuwa nimeushika mkono wa mama mmoja nisiyemjua, naye ameushika wangu, na hata kusalimiana hatujasalimiana. Kutishwa kwa panga nakuelewa. Kutishwa kwa kijiko ni kuoneana, kwani panga nyumbani kwangu sina, lakini vijiko ninavyo kumi na viwili.

2. Filamu haina watu. Mtu anaumwa wiki sita, na hakuna shemeji aliyekuja kumjulia hali! Hakuna mama mkwe aliyekuja kukaa "siku mbili" akamaliza mwezi. Hakuna jirani aliyekuja kuazima chumvi akasimama mlangoni mpaka miguu ikafa ganzi. Ningekuwa jirani yao, jambo lile lingekwisha dakika ya kumi na mbili. Ningepiga hodi, ningemiminiwa chai, ningejua. Na kitaalamu niongeze kwamba mapazia ya nyumba ile yamekatwa mafupi, hayafiki sakafuni, ndiyo maana upepo unayachezea. Nusu ya hofu ya filamu yenu ni pindo bovu.

3. Filamu imenizimia mume. Yeye ni fundi bomba, na mtaani wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Siku ile ya kwanza tulikwenda pamoja, tukarudi kimya kimya. Asubuhi yake nikamkorogea chai kama ninavyomkorogea miaka kumi na tisa sasa. Ting, ting, ting. Redio akanyamaza katikati ya neno. Akakinusa kikombe.

"Chai hii ina ladha nyingine," akasema.

"Ladha gani?"

"Siijui. Kama ya ukungu."

Ndugu Meneja, mtu huyu hushinda na kichwa ndani ya bomba la maji machafu, na sijapata kumsikia akilalamikia harufu. Leo ukungu ameuonjea wapi? Nikamwambia aonje vizuri. Akanijibu, "Onja wewe kwanza." Nikaonja. Akanitazama nikimeza, vile vile anavyokitazama kiungio cha bomba baada ya kufungulia maji, kuona kama kitavuja.

Naomba niweke wazi, kwa maandishi na kwa saini yangu, kwamba tangu nimeolewa sijatia kwenye chai ya mume wangu kitu cha kumdhuru.

4. Filamu imenigombanisha na wifi yangu. Dada huyu wa mume wangu ni muuza dawa, na mtu anayeuza dawa husikilizwa hata akizungumzia mvua. Naye filamu alikwisha kuiona. Alikaa kwenye kochi langu, akala chakula changu, kisha akatangaza: "Yule mwanamke wa filamu anamtilia mumewe kitu. Macho yale nayajua. Ndivyo wanavyonitazama wateja wanaotaka dawa bila cheti." Nikasema mwanamke wa watu hana kosa. Akasema, "Wifi, mbona unamtetea kama mmezaliwa tumbo moja?" Mume wangu akatutazama, mara yeye, mara mimi, na tangu siku ile akaanza kwenda kunywa chai kwa dada yake. Siku nne mfululizo alipita mbele ya dirisha langu la kushonea na mfuko wake wa spana, hageuki. Siku ya nne nilishona pazia zima la mteja, maua kichwa chini. Leo nacheka ninapoandika, lakini siku ile sikucheka.

5. Nililazimika kuja kutafuta ushahidi. Nikaja onyesho la saa kumi alasiri, nikaona wazi kwamba mke hana kosa. Nikaja tena kuhakikisha, nikaona ana kosa tupu. Mara ya nne mwenye kosa alikuwa mume. Filamu ni ile ile, kiti ni kile kile, mtu ni mimi yule yule! Bidhaa inayobadilika kila unapoitazama, sokoni ingerudishwa.

6. Mara ya tano nikawakokota wote wawili, mume na wifi, nikakaa katikati yao kama hakimu. Yule mgonjwa alipoinua kikombe cha mwisho, mume wangu alisimama akapiga kelele, "Usinywe, bwana!" Mama mmoja wa nyuma akajibu, "Mwache anywe, kapewa na mkewe!" Ukumbi ukagawanyika. Mkaguzi wako wa tiketi akaja na tochi kutunyamazisha, na namshukuru, ila alipofika kwetu alimmulika mume wangu akamnong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Mzee, nimeiona mara ishirini na moja. Sukari ndiyo yenye kitu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mume wangu naye alicheka mpaka akakaa chini, na mkono wake ukatua juu ya wangu, ukabaki hapo.

7. Ndipo likaja hili la sasa. Mume wangu amerudi kunywa chai nyumbani, lakini kwa sharti: tubadilishane vikombe. Kila asubuhi anachukua changu, nachukua chake, tunatazamana, tunakunywa kwa pamoja. Zamani alikunywa amesimama, kiatu kimoja mguuni. Sasa anakaa. Ananiuliza nimelalaje. Juzi aliniuliza kama mgongo bado unaniuma, swali ambalo sikumbuki lini alinitupia mara ya mwisho. Kazi ya asubuhi inachelewa, wateja wanangoja. Haya yote ni hasara ya filamu yenu.

Kwa hiyo naomba, kwanza, aongezwe jirani mmoja, hata wa kupita tu. Pili, mapazia yashushwe yafike sakafuni. Nipo tayari kuyashona. Tatu, na ndilo kubwa, niletewe barua yenye mhuri wa ukumbi wako inayothibitisha kwamba mke wa filamu ile hakutia kitu chochote kwenye chai, niisome kwa sauti mbele ya mume wangu na wifi yangu, nirudishiwe kikombe changu.

Nisalimie mkaguzi wa tiketi, muuza bisi, fundi mitambo wa kule juu, na yule mama niliyemshika mkono, akitokea tena. Mwambie mimi mzima.

Wako anayengoja haki,

Fundi Pazia

Nyongeza: Barua yenye mhuri usiilete. Daktari alimwambia mume wangu, mimi nikiwepo, kwamba sukari yake imeanza kupanda, aache vijiko vyake vitatu. Mume wangu alicheka mpaka nje ya geti la hospitali. Basi huu ni mwezi wa nane tangu nianze kumtilia kimya kimya vidonge vya utamu badala ya sukari, na tangu tuanze kubadilishana imebidi nitie vikombe vyote viwili. Wiki jana amepimwa, imeshuka, na amejisifia mwenyewe mtaa mzima. Nilipoitazama filamu mara ya sita, yule mke wa ziwani nilimwelewa kabisa. Filamu msiiguse kitu. Vidonge ananiuzia wifi.