Kadi ya Siri ya Dirisha la Nne

Jumatatu, 3 Juni
Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, funga mlango kwanza. Usimsomee mtu, hata mkeo. Mimi ni karani wa vizazi na vifo, dirisha la nne, na nina ugonjwa wa hisia. Kuna wiki silali kabisa, kuna wiki siamki kabisa. Dawa ipo. Ila nimeanza kukata vidonge nusu nusu vifike mwisho wa mwezi, na daktari ameonya kwamba hivyo nitaanguka tena. Mwenye kadi ya ulemavu hupewa dawa bure. Lazima niipate.

Tatizo: ofisi ya kadi iko milango mitatu kutoka dirisha langu!

Mkakati: saa ya chakula, kofia, barakoa na miwani ya jua ya shangazi. Nikagonga ndoo ya kudekia. Mama wa kadi, Bi Erlinda, akasema, “Toto wa dirisha la nne, vua miwani utajiumiza.” Anataka barua ya daktari, ninayo, na barua ya makazi kutoka mtaani. Sina.

Jumanne, 4 Juni
Kapitan wa mtaa, yaani mwenyekiti wetu, aliuliza barua ni ya nini. Nikasema ya mambo binafsi. Mkewe akapiga kigelegele: Toto anaoa! Nilishindwa kumkatiza mtu mwenye furaha kiasi kile. Kufika nyumbani, mama analia kwa shukrani, na majirani watatu wamejitolea kuwa wasimamizi wa ndoa. Mmoja ameahidi nguruwe.

Nimerudi jioni kukiri. Mke wa Kapitan akaninong'oneza kwamba mdogo wake naye humeza vidonge vile vile. Barua nimepata. Nguruwe amepona.

Alhamisi, 6 Juni
Mahojiano. Maafa!

Bi Erlinda aliuliza naendeleaje. Nikajibu, nzuri sana, mama. Nalala? Vizuri, mama. Kazi je? Haina shida, mama. Ningefanyaje? Nimelelewa hivyo, mkubwa akikuuliza hali humtwishi mizigo yako. Tena nilimpelekea keki za mchele, na nikamnyooshea kwa rula mstari mmoja wa fomu uliopinda. Akaandika: “Hana tatizo linaloonekana.” Ombi limekataliwa.

Nikamshukuru. Nikamshukuru! Nimelia chooni dakika kumi na mbili. Vidonge vimebaki sita, yaani nusu kumi na mbili.

Ijumaa, 7 Juni
Mkakati mpya: kuonekana mgonjwa. Shati nje, nywele timutimu, kiatu kimoja bila kamba.

Manang Pacing, yaani dada mkubwa Pacing, wa dirisha la tatu, adui yangu wa miaka miwili kwa sababu ya mhuri mmoja, alidhani nimeporwa. Akanivuta stoo akanichana kwa kitana chake, kwa nguvu. Akauliza ni nani kanipiga. Nikamwambia yote. Akacheka. Kumbe jengo zima linajua tangu Jumatatu. “Nani huvaa miwani ya jua kwenye korido, we Toto? Tulidhani unakwenda kuiba kiyoyozi!”

Kisha akaacha kucheka. Akasema mdomo wangu una adabu mno, haufai kutumwa. Lakini mkono wangu hausemi uongo. “Andika unavyoandika vifo. Tarehe, tukio, shahidi.”

Nikaandika.

14 Machi. Sikuamka. Shahidi: mama.
15 Machi. Sikuamka. Mama alinilisha kwa kijiko.
2 Aprili. Nimenunua majogoo kumi na mawili. Sina banda. Sipendi kuku.
3 Aprili. Nimemwandikia Gavana barua ya kurasa arobaini kuhusu majogoo.

Kurasa tatu, safi, bila kufuta. Manang Pacing alimsomea Bi Erlinda kwa sauti, mimi nikiwa nimeikodolea macho sakafu. Majogoo aliyasoma mara mbili. Bi Erlinda aliuliza mbona jana nilisema nzuri sana.

Nikasema, “Uliniuliza, mama.”

Akachana ile fomu. Akachukua nyingine.

Ijumaa, 14 Juni
Kadi imefika! Picha mbaya, masikio mawili makubwa, lakini ni mimi. Dawa ya mwezi mzima. Asubuhi nimemeza kidonge kizima, nikakaa kitandani nikihisi tajiri.

Jana mwanamke mmoja alizunguka korido mara tano bila kugonga mlango wa kadi. Naijua mizunguko hiyo. Nimeamua kuwasaidia wenzangu wenye hofu, kwa siri kamili, na safari hii mkakati hauna tundu hata moja.

Njoo dirisha la nne, saa sita hadi saa saba. Usitaje ugonjwa. Sema umekuja kusahihisha mwaka wa kuzaliwa wa bibi yako. Nitakufungulia daftari kuukuu, na ndani yake utakuta fomu na penseli iliyochongwa. Nilimwambia yule mwanamke tu, na leo wamekuja watu tisa kwa ajili ya bibi zao, na hakuna aliyeshuku chochote. Manang Pacing amewaletea benchi, sijui kwa nini. Mkizidi kumi, tafadhali simameni mbalimbali.