Benki ya Flopi

Jumatatu, 7 Aprili 2003

Nimefungua Benki ya Flopi! Nyuma ya duka langu la steshenari, ndani ya sanduku la bati la marehemu babu. Kufuli mbili. Watu wa Kyela hii wanaweka flopi chini ya godoro! Mteja wa kwanza ni Felista, katibu wa kwaya. Flopi moja, nyimbo zote za mashindano ya Pasaka. Nikamwambia humu hata Shetani haingii. Akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, akatabasamu. Nadhani ananipenda.

Muksini wa duka la ng'ambo ya barabara anatangaza kwamba flopi zinakufa, sasa ni CD. Wivu. Bei ya flopi imeporomoka Mbeya, nimeagiza katoni nzima.

Jumatano, 9 Aprili

Hivi nyimbo zote zile zimekaa wapi? Nimeenda kwa mnunuzi wa kakao, nikapima flopi tupu na ya Felista. Uzito uleule! Kwaya nzima, na mabesi wake wanene, haina hata gramu. Nimeitikisa. Kimya. Nikasogeza kile kibati cha pembeni mwa flopi, nikachungulia: duara jembamba la kahawia, kama utepe wa kaseti. Nimeligusa kidogo tu. Laini!

Ijumaa, 11 Aprili

Balaa! Mvua imenyesha, sanduku la babu linavuja. Flopi ya Felista inachuruzika maji. Sikubabaika. Nimeianika kwenye jamvi, katikati ya kakao ya mama, nikawa naigeuza isiote ukungu. Mama akauliza hiyo ni mbegu ya wapi.

Jumamosi, 12 Aprili

Imekauka vizuri sana. Imepinda kama kopa la muhogo. Kompyuta imeimeza nusu, ikanguruma, ikakataa kuitapika. Felista alikuwa amesimama palepale. Alilia. Kwaya itaimba nini Pasaka? Nimeona aibu mpaka masikio yakapata moto. Halafu akavuka barabara kwenda kwa Muksini. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi!

Jumatatu, 14 Aprili

Mungu si Athumani! Kumbe nyimbo zilichapwa kwa Muksini, na nakala ilibaki kwenye kompyuta yake. Amezichoma kwenye CD. Ila wino umemwishia, ha! Felista imembidi aniletee mimi nichape. Amenisihi nichape tu, nisifanye kingine chochote.

Lakini CD imepata matone ya mvua njiani. Nitaichapaje mbichi? Bahati nzuri jua limetoka, na jamvi la mama lina nafasi. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Kwa hiyo safari hii nimeiwekea jiwe juu, isipinde.