Visu Vinamgongea Liuba

Jumatatu, 2 Machi 1987

Kiwandani wamechagua. Shangazi Caridad, ambaye husokota biri huko tangu kabla sijazaliwa, ameniletea habari pamoja na mapera.

Mzee Evelio, msomaji wao, hukaa kwenye kiti cha juu na kuwasomea wakiwa kazini. Asubuhi gazeti, alasiri riwaya. Riwaya huchaguliwa na wasokotaji wenyewe. Wakipenda, hugonga ubao kwa vile visu vyao bapa vya kukatia tumbaku. Wakichukia, huviangusha sakafuni. Leo walisomewa kurasa za mwanzo za riwaya mbili za wanafunzi. Yangu na ya Liuba.

Yangu iligongewa kisu kimoja. Nikauliza cha nani. Shangazi akasema chake.

Ya Liuba iligongewa na visu vyote. Na cha Shangazi pia. Amejitetea kwamba mkono ulikwenda wenyewe.

Sina kinyongo. Riwaya yangu ni ya mwaka 1868, inamhusu Leonor, binti anayetafuta furaha. Ya Liuba ni ya mwaka 1868, inamhusu Amparo, binti anayetafuta furaha. Liuba anasema mwalimu alitupa mada moja. Ni kweli. Lakini mimi niliipenda kabla yake.

Nataka visu vile vinigongee mimi. Mara moja tu. Nitatosheka.

Jumanne, 3 Machi

Nimemwomba Shangazi anieleze kasoro bila kunionea haya. Hakunionea.

"Mwanangu, kurasa zote zile Leonor hajatoka chumbani. Anaitafuta furaha kabatini?"

Nimemweleza kwamba mapazia ninayoyaeleza humo ni ishara. Akauliza ishara ya nini. Nimesema nitamjibu nikiyafikia madirisha.

Amparo, kumbe, ukurasa wa pili tu keshapanda nyumbu na kumkimbia mchumba. Liuba hajawahi kupanda nyumbu. Mimi pia sijawahi, ndiyo maana sikuandika. Tofauti yangu na yeye ni uaminifu.

Kwenye foleni ya chakula ameniambia mapazia yangu ni mazuri sana, mpaka ametamani kuyashika. Tusi gani hilo. Nimeusukuma mbali wali na maharage. Baadaye nimeurudia, ulikuwa umepoa.

Jumatano, 4 Machi

Mpango. Nani atasikiliza riwaya akishajua mwisho wake? Nimemsubiri Nieves, msokotaji asiyeweza kutunza siri, nje ya lango. Nikamnong'oneza kwamba Amparo atakufa. Kwa aibu yangu nilinong'ona chini mno, akanitaka nirudie mara kadhaa, hadi mlinzi akasema yeye keshasikia, Amparo anakufa, tuondokeni langoni.

Alasiri kiwanda kizima kilijua. Matokeo: wamemtaka Evelio asome sura mbili kwa siku badala ya moja, ili kila siku wawe na Amparo muda mrefu zaidi kabla hajafa. Nieves amekuja na leso.

Shangazi amerudi na macho mekundu. Nikampa pole ya moshi. Akasema si moshi, ni Amparo.

Ijumaa, 6 Machi

Nimefanya.

Mimi na Liuba hupiga chapa kwenye mashine ileile ya shule, yenye herufi "e" iliyolegea. Nimeandika sura mbovu kuliko zote. Nyumbu anakufa njiani. Amparo anarudi kwa baba yake kwa miguu, anaolewa na tajiri wa kahawa anayekoroma, na kila asubuhi anaitazama barabara ile kupitia dirishani. Furaha hakuna. Basi.

Nilipofika pale nyumbu anapolala chini nikalia kidogo. Uchovu.

Evelio alipokwenda kunywa kahawa, nimeichomoa sura ya Liuba ya Jumatatu na kuchomeka yangu. Shangazi aliniuliza nafanya nini pale kitini. Nimesema naangalia mandhari.

Jumatatu, 9 Machi

Nilisimama mlangoni na sare ya shule, nikisubiri visu vianguke.

Nyumbu akafa. Hakuna kisu kilichoanguka. Amparo akaitazama barabara. Evelio akakunja karatasi, na visu vikaanza kugonga. Vyote. Vumbi la tumbaku likawa linadondoka kutoka darini. Nieves alikuwa ameegemea bega la jirani yake akilia kwa sauti. Evelio akainua mkono kuwatuliza, wapi!

"Huyo Liuba wenu," Shangazi akaniambia, "ana moyo wa bibi kizee. Ungejifunza kwake."

Visu vyangu hivyo. Vimekwenda kwa Liuba. Sijawahi kumwonea mtu wivu namna hii, na aliyeandika ni mimi.

Jumanne, 10 Machi

Liuba amekuja kiwandani. Nilijua amekuja kusifiwa. Akasimama kando ya kiti cha msomaji akasema sura ya jana si yake. Hajui ni ya nani, ila inaishinda yake, na yeye hawezi kugongewa visu kwa kazi ya mtu mwingine.

Evelio akatangaza kwamba mwenye sura ajitokeze, akae kitini, aisome upya mwenyewe.

Niliinua mkono. Naapa niliinua. Wote wakageuka. Ndipo nikakumbuka kwamba kusema ni yangu ni kusema pia niliiwekaje.

"Unasemaje, binti?" Evelio akauliza.

Nikasema naomba maji.

Nikaletewa. Nikiwa katikati ya kunywa, wakaanza kumgongea Liuba kwa uaminifu wake. Wamegonga kupita jana. Jana sura yangu waliacha kuigongea Evelio alipoanza kukohoa kwa vumbi. Uaminifu wa Liuba waliugongea huku wao wenyewe wakikohoa.

Halafu Liuba akawaomba wampe Leonor wangu nafasi ya pili, Ijumaa. Hilo nalo wakamgongea.

Jumatano, 11 Machi

Sikulala vizuri, lakini nimeelewa kosa langu. Nilishindana naye kwa uandishi, kumbe ushindani ni wa uaminifu.

Kwa hiyo: Ijumaa, katikati ya kurasa za Leonor, patakuwa na sura isiyo yangu. Evelio ataisoma. Visu vitagonga. Nami nitasimama, nitatetemeka kidogo, nitasema mbele ya wote kwamba siwezi kusifiwa kwa kazi ya mwingine. Nimeshafanya mazoezi mbele ya kioo. Kwenye neno "siwezi" natokwa na chozi la jicho la kushoto.

Ila sura yenyewe lazima iwe nzuri, la sivyo kuikana hakutakuwa na uzito. Nami, nikijaribu kumtoa Leonor chumbani, najikuta naeleza mlango. Basi saa ya mapumziko nimemwomba Liuba aniandikie.

Amekubali papo hapo. Tena kwa tabasamu. Ameniuliza kama Leonor angependa nyumbu.

Hakuna mtu mwema anayekubali kitu upesi hivyo. Ana njama, na lazima niijue kabla ya Ijumaa.